Namba kwa Hela Nzima

Mkalimani wa Kiswahili anapoanza kazi na wakala wa ukalimani nchini Marekani, mojawapo ya karatasi za kwanza kuwekewa mbele ni fomu ya ukurasa mmoja iitwayo W-9. Jina, anwani, kisanduku cha kutia tiki, namba ya tarakimu tisa, sahihi, tarehe. Dakika tano imekwisha. Majuma mawili baadaye anaingiziwa dola 480 benki. Anapiga hesabu ya dakika alizokaa kwenye simu kati ya daktari wa Des Moines na mama wa Kikongo mwenye kisukari, anazidisha kwa bei waliyopatana, anapata dola 480 zilezile. Haikukatwa hata senti.

Kwa mtu aliyezoea kubeba boksi, ambaye hati yake ya mshahara ina mistari ya makato mirefu kama orodha ya michango ya harusi, hiyo ni furaha ya pekee. Kosa nalo huanzia papo hapo.

Tumelelewa na mazoea mengine. Tanzania, mkazi anayelipwa ada kwa huduma ya kitaalamu hukatwa kodi ya zuio ya 5% kabla hela haijamfikia, na mlipaji humpa cheti cha kuonyesha kwamba kiasi hicho kimekwenda mamlaka ya mapato, TRA. Kenya nako ada za namna hiyo hukatwa 5% kwa mkazi, na cheti hutoka KRA. Hesabu kamili hufanywa mwisho wa mwaka, lakini kilichofika mkononi serikali imeshakionja. Basi hela ikifika nzima, akili yetu huisoma hivi: hii haikuwa na kodi. Au hivi: kama kodi ipo, mwenye kulipa ameshamalizana nao.

W-9 imejengwa kwa mantiki iliyo kinyume kabisa. Haikusanyi kodi. Haifiki hata kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS. Hubaki kwenye faili la aliyekulipa. Inachokusanya ni habari: huyu niliyemlipa ni nani, na namba yake ni ipi. Mlipaji akishaipata namba hiyo, anaruhusiwa kukupa fedha yako bila kuigusa, kisha mwanzoni mwa mwaka unaofuata anapeleka IRS taarifa ya jumla aliyokulipa, na nakala anakutumia wewe. Usipotoa namba, sheria inamtaka akate 24% ya kila malipo na kuipeleka serikalini. Akiacha kukata, deni linaweza kumwangukia yeye. Ndiyo maana mhasibu wa wakala hukuandikia barua pepe tatu kwa siku moja kuhusu fomu ya ukurasa mmoja. Hana ukorofi, anajilinda.

Ni mapatano, basi. Unatoa namba, unapewa hela nzima. Serikali nayo inaridhika na habari badala ya fedha, kwa imani kwamba mtu anayejua kuwa amekwisha kutajwa hatathubutu kukaa kimya.

Mapatano hayo yana historia, na bila kuijua fomu yenyewe hueleweka nusu. Mshahara wa Mmarekani unakatwa kodi kazini tangu 1943, wakati wa vita, serikali ilipohitaji fedha haraka na kutoka kwa watu wengi. Mapato mengine, hasa riba ya benki na gawio la hisa, yalibaki nje ya makato. Rais Kennedy aliomba mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaingizwe. Bunge la Congress lilikataa. Likakubali kitu chepesi zaidi: mabenki na makampuni yatoe taarifa ya waliyowalipa. Ili taarifa ipate mwenyewe, kila mtu alihitaji namba, na sheria ya 1961 ikaichukua namba ya Hifadhi ya Jamii, SSN kwa kifupi, ikaifanya namba ya mlipakodi. Namba hizo zilianza kutolewa mwaka 1936 kwa ajili ya pensheni tu. Kuanzia 1946 hadi 1972 kadi zake zilichapishwa maneno ya kuonya kwamba si za utambulisho, ilhali kwa miaka kumi ya mwisho ya onyo hilo mamlaka ya kodi ilikuwa ikiwatambua watu kwa namba hiyohiyo.

Ugomvi ulirudi mwaka 1982. Rais Reagan alitia saini sheria iliyoagiza riba na gawio vikatwe 10%, kuanzia Julai 1983. Mabenki yakaingia vitani. Yaliwahimiza wateja wao waandike, na mamilioni ya barua na kadi za posta zikamiminika Washington. Seneta Bob Dole, mwenyekiti wa kamati ya fedha ya Seneti, hakuficha hasira yake kwa mabenki, lakini barua zilishinda. Agosti 1983 makato yalifutwa. Mahali pake ikaimarishwa njia ya pili: asiyetoa namba sahihi ndiye atakatwa, wakati huo kwa 20%. Zuio hilo la tahadhari limepanda na kushuka tangu hapo, likafika 31% mwaka 1993, likakaa 28% kwa muda mrefu, na tangu 2018 ni 24%.

Kwa hiyo mkalimani wetu na fomu yake wanaishi ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya watu wengine. Waliopigania hela nzima mwaka 1983 walikuwa wenye akiba benki, watu wenye mahali pa kuweka fedha mpaka siku ya kodi ifike. Nafuu yao wameirithi dereva wa teksi za programu, msusi, mlezi wa wazee na mkalimani wa simu, ambao dola 480 zikiingia Ijumaa, Jumatatu zimekwisha kuwa kodi ya nyumba, na zilizobaki ziko M-Pesa kwa mama. Maoni yangu, ambayo najua wahasibu wengi hawatayapenda, ni kwamba mtu wa kipato kidogo angefaidika zaidi kama kwenye W-9 kungekuwa na mstari mmoja wa hiari: nikatie kiasi fulani. Mstari huo haupo.

Tukitazama tarakimu, IRS yenyewe inajua uzito wa makato. Katika makadirio yake ya kodi isiyolipwa, mapato yanayokatwa na kutolewa taarifa, yaani mishahara, hufichwa kwa kiasi cha 1% tu. Yanayotolewa taarifa kikamilifu bila kukatwa, kiwango ni karibu 6%. Yasiyo na taarifa wala makato hufikia 55%. Taarifa inafanya kazi, ila makato yanafanya kazi zaidi.

Sasa tuingie ndani ya fomu. Toleo la Machi 2024 huanza na mstari wa jina, na mstari huo una mitego mingi kuliko watu wanavyodhani. IRS hulinganisha jina na namba kwa kompyuta, na katika kulinganisha hutumia herufi nne za mwanzo za jina la mwisho. Chukua mtu anayeitwa Asha Juma Mussa. Kwao, Asha ni yeye, Juma ni baba, Mussa ni babu, na hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni la ukoo kwa maana ya Kizungu. Ofisa mmoja kwenye safari yake ya ukimbizi aliandika Juma kuwa jina la mwisho. Mwingine, miaka minne baadaye, akaandika Mussa. Kadi ya Hifadhi ya Jamii imefuata la pili. Asha akijaza W-9 kwa jina analoitwa kazini, Asha Juma, kompyuta itatafuta JUMA mahali palipoandikwa MUSS na itasema namba na jina havifanani.

Kinachofuata ni barua. IRS humwandikia mlipaji kwamba namba hii ina kasoro. Mlipaji, ndani ya siku 15 za kazi, anatakiwa kumwandikia Asha na kumpa W-9 nyingine aijaze upya. Asipojibu, 24% inaanza kukatwa. Kasoro ikijirudia ndani ya miaka mitatu, W-9 peke yake haitoshi tena. Atahitaji uthibitisho wa namba yake kutoka mamlaka ya Hifadhi ya Jamii. Yote haya kwa sababu ya swali la jina la baba na la babu. Ushauri ni mfupi: andika kama kadi ilivyoandikwa, hata kama kadi imekosea, na kama imekosea karekebishe kadi kwanza. Waliobadili jina baada ya ndoa bila kuijulisha mamlaka hiyo wanaangukia shimo lilelile.

Mstari wa pili ni wa jina la biashara, na hapa wenye malori na saluni ndio hujikwaa. Mtu amefungua kampuni ya LLC peke yake, amepata namba ya mwajiri, EIN, bure mtandaoni kutoka IRS, amechapisha hata kadi za biashara. Akipewa W-9 anaandika jina la kampuni juu na EIN ya kampuni chini. Fomu haitaki hivyo. LLC ya mtu mmoja ambayo haikuchagua kutozwa kodi kama kampuni, machoni pa IRS haipo. Anayeonekana ni mwenyewe. Jina lake ndilo linakaa mstari wa kwanza, la LLC mstari wa pili, kisanduku kinachotiwa tiki ni cha mtu binafsi, na namba ni ya mwenyewe. Kwa toleo hilo, mwenye biashara ya mtu mmoja aliyejipatia EIN kwa jina lake anaweza kuitumia hiyo badala ya SSN, na nadhani ni busara, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Namba zenyewe ni za aina tatu kwa mtu wa kawaida. SSN, kwa raia na kwa wenye ruhusa ya kufanya kazi. EIN, kwa biashara. Na ITIN, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa wenye wajibu wa kodi ambao hawawezi kupata SSN. Huanza na tarakimu 9, na hufa usipoitumia kwenye ritani kwa miaka mitatu mfululizo. Mkazi wa kikodi mwenye ITIN huiandika kwenye nafasi ileile ya SSN.

Neno mkazi ndilo linalotutesa. Chini ya fomu kuna kiapo, chini ya adhabu ya uongo, chenye maneno kwamba mimi ni raia wa Marekani au mtu mwingine wa Marekani. Nimewaona watu wakiinua kalamu hapo. Mimi ni mkimbizi, anasema mmoja, nitatiaje sahihi kwamba ni mtu wa Marekani, si watanirudisha? Hofu yake ina heshima yake, lakini sheria ya kodi na sheria ya uhamiaji ni majirani wasiosalimiana. Mtu wa Marekani kwa kodi ni pamoja na mwenye grini kadi, na pia mtu aliyekaa nchini siku za kutosha: angalau siku 31 mwaka huu, na jumla ya siku 183 ukihesabu siku zote za mwaka huu, theluthi ya siku za mwaka jana na moja ya sita ya siku za mwaka juzi. Mkimbizi aliyetua tarehe 1 Oktoba ana siku 92 tu ifikapo mwisho wa mwaka, kwa hiyo kwa hesabu hiyo bado ni mgeni. Mwaka unaofuata, kama hakusafiri, anavuka kiwango hicho kabla ya katikati ya Juni na anahesabiwa mkazi wa kikodi bila kumwuliza mtu, hata kama maombi yake ya grini kadi yangali mezani.

Kinyume chake ni mwanafunzi. Kijana wa Moshi aliye chuoni kwa viza ya F-1 anaweza kukaa Minnesota miaka minne, akajua baridi kuliko wenyeji, na bado akawa mgeni wa kikodi, kwa sababu siku za mwanafunzi wa viza hiyo kwa kawaida hazihesabiwi mpaka ipite miaka mitano ya kalenda. Benki ikimpa W-9 siku ya kufungua akaunti, naye akaisaini kwa kuwa kila mtu kwenye foleni ameisaini, ameapa jambo lisilo kweli. Fomu yake ni W-8BEN, ya wageni wa kikodi. Karani wa dirishani hajui. Afanye nini, naye amefundishwa kuuliza swali moja tu: una SSN?

Kuna pia herufi za kutenganisha, kwa sababu kwenye vikundi vya simu zinachanganywa kila siku. I-9 ni ya uhamiaji: mwajiri anathibitisha kwamba una ruhusa ya kufanya kazi. W-4 ni ya mwajiriwa: inaeleza akukate kiasi gani. W-9 ni ya asiyeajiriwa. Mwajiri akikupa W-9 badala ya W-4 amekwambia, bila kutamka, kwamba wewe si mfanyakazi wake.

Na hili lina bei. Mwajiriwa anachangia 7.65% ya mshahara kwa Hifadhi ya Jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee), mwajiri anaongeza 7.65%. Aliye kwenye 1099, kama watu wanavyoita kazi hizo kwa jina la taarifa ya Januari, analipa pande zote mbili, 15.3%, pamoja na kodi yake ya mapato. Mkalimani aliyebakiwa na dola 10,000 baada ya gharama anadaiwa takriban dola 1,413 za mchango huo pekee, kwa kuwa sheria hukokotoa kwenye 92.35% ya faida. Ukijumlisha kutokuwa na bima ya ajali kazini, malipo ya saa za ziada wala posho ya kukosa ajira, unaelewa kwa nini baadhi ya nyumba za kulelea wazee na kampuni za usafi huipenda sana W-9. Wanakupangia zamu, wanakupa sare, wanakukaripia ukichelewa dakika saba, kisha mwisho wa mwezi wanasema wewe ni mfanyabiashara huru. Fomu haiwezi kuugeuza uajiri kuwa biashara. Sheria inatazama nani anaamua kazi ifanywe vipi, na mfanyakazi anaweza kuiomba IRS itoe uamuzi kwa kujaza fomu SS-8. Wachache hujaribu, kwa kuwa bosi huyohuyo ndiye anayewapa zamu za wiki ijayo.

Tuvuke bahari kidogo, kwa sababu fomu ndugu ya hii imefika Kariakoo na Eastleigh bila pasipoti. Mwaka 2021 Google iliwataka watengeneza video wa YouTube walio nje ya Marekani wawasilishe taarifa za kodi, na muda wa mwisho ukawekwa 31 Mei. Wengi wakadhani ni utapeli. Mantiki ilikuwa ileile ya namba kwa hela, ila kwa mgeni mizani imebadilika. Pato la mgeni lenye chanzo Marekani, likiwa la aina ya mrabaha, hukatwa 30%, isipokuwa nchi yake ina mkataba wa kodi na Marekani. Katika Afrika nzima, zenye mikataba hiyo ni Misri, Morocco, Tunisia na Afrika Kusini. Tanzania hamna, Kenya hamna, Uganda hamna, wala Kongo, Rwanda na Burundi.

Lakini angalia hesabu. Tuseme chaneli ya mapishi ya Tanga imepata dola 1,000 katika mwezi, na dola 100 kati ya hizo zimetokana na watazamaji walioko Marekani. Mwenye chaneli akijaza W-8BEN, anakatwa 30% ya zile 100, yaani dola 30. Asipojaza, Google ilitangaza kwamba ingeweza kukata hadi 24% ya mapato yote ya dunia nzima: dola 240. Wapo waliogoma kujaza kwa kuogopa ile 30%.

Fomu hiyo ina vijiba vyake. Tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa 4 Novemba akiiandika kwa desturi yetu anajikuta amezaliwa Aprili. TIN ya TRA ina tarakimu tisa kama SSN, na watu huiweka kwenye mstari wa namba ya Marekani, ilhali mahali pake ni mstari wa namba ya kigeni, 6a. PIN ya KRA, kwa kuwa huanza na kuishia na herufi, angalau inajieleza yenyewe. Tena W-8BEN haidumu milele: iliyosainiwa mwaka 2021 ilikwisha nguvu tarehe 31 Desemba 2024, na aliyedhani amemaliza kazi akaanza kuulizwa upya.

Kuna kundi moja nje ya Marekani linalostahili kuambiwa waziwazi, maana nimekuta wengi wakijikata wenyewe. Mfasiri aliyekaa Arusha akatafsiri mwongozo wa dawa kwa ajili ya kampuni ya Boston hana pato la Marekani. Katika malipo ya huduma, sheria yao hutazama jasho limedondoka wapi, haitazami hundi imeandikwa wapi. Kama kazi yote imefanyika Arusha, chanzo ni Arusha, na zuio la 30% halihusiki. Anajaza W-8BEN kuthibitisha kwamba ni mgeni, na anapata hela yake kamili. Anayemdai kodi ni TRA. Tofauti yake na mwenye chaneli ya mapishi ni kwamba yule analipwa kwa haki ya kutumia kazi yake, na haki hiyo inahesabiwa kutumika alipo mtazamaji.

Nirudi kwenye suala la usalama, nililoahidi. W-9 iliyojazwa ina jina, anwani, SSN na sahihi kwenye ukurasa mmoja, yaani karibu kila anachohitaji mwizi kukufungulia mkopo. Na kwa kuwa haiendi IRS, usalama wake ni usalama wa kabati la mtu binafsi. Mkalimani anayefanya kazi na mawakala sita ameacha nakala sita za nafsi yake, baadhi kwenye barua pepe ambazo hata mwenye ofisi hakumbuki neno la siri lake. Ndiyo maana nimesema EIN ni busara kwa anayeweza kuitumia. Kuna matapeli pia wanaotuma maombi bandia ya W-9 na W-8BEN, mengine yakidai namba ya pasipoti au jina la mama alilozaliwa nalo, vitu ambavyo fomu halisi haiviulizi. Namba huombwa na mwenye kukulipa, au benki na taasisi inayokuhudumia kifedha. Anayekuahidi tu kwamba atakulipa siku moja anaweza kusubiri.

Jambo moja zito limeongezeka. Aprili 2025 Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani za Marekani zilitia saini makubaliano ya kuipa mamlaka ya uhamiaji taarifa fulani za kodi kuhusu watu waliokwisha kuamriwa kuondoka nchini. Aliyekuwa akikaimu ukamishna wa IRS, Melanie Krause, akaamua kuachia ngazi, na suala likapiganiwa mahakamani. Kwa miongo mingi watu wenye ITIN waliambiwa kwamba siri ya kodi inalindwa na sheria, na kwa hiyo walipe bila woga. Nimesema juu kwamba sheria hizi mbili ni majirani wasiosalimiana. Sasa wamepungiana mkono juu ya ua, na mtu asiye na kibali anayepewa W-9 ana haki ya kumwuliza mwanasheria kwanza.

Na kingine kimebadilika kimyakimya. Tangu 1954 kiwango kilichomlazimu mfanyabiashara kutoa taarifa ya malipo ya namna hii kilikuwa dola 600 kwa mwaka. Hakikuguswa kwa miaka sabini. Kwa malipo ya kuanzia 2026 kimepandishwa hadi dola 2,000. Wahasibu wadogo wameshangilia. Mkalimani anayefanya kazi na mawakala wanne, kila mmoja akimlipa dola 1,900 kwa mwaka, huenda Januari 2027 asipate karatasi hata moja. Namba ametoa mara nne, hela ameipata nzima mara nne, na W-9 nne zimelala kwenye makabati manne bila habari yoyote kupelekwa. Hata hivyo mwenye kupata faida ya dola 400 na zaidi kutokana na kazi ya kujitegemea bado anatakiwa kujaza ritani, na kama hakuwa na gharama, zile dola 7,600 zinadaiwa karibu dola 1,074 za Hifadhi ya Jamii na Medicare kabla hata ya kodi ya mapato. Kumbukumbu pekee ya fedha hizo itakuwa kwenye simu yake mwenyewe, katika ujumbe wa benki, kama hajaufuta.